Kila Mashine Ina Jalada Lake

Hotuba hii ilitolewa Mtwara Mjini katika kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Haki ya Kupata Taarifa, Septemba 28, mbele ya wasaidizi wa kisheria, waandishi wa redio za jamii, viongozi wa waendesha bodaboda na wanafunzi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu wa Newala, Nachingwea, Liwale na Kilwa ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mtwara, nanyi mliosafiri kutoka Masasi, Tandahimba na Lindi, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Naomba niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, kwa kuwa muda tuliopewa ni mfupi na jambo lenyewe ni zito.

Nimeombwa nizungumze juu ya haki ya mwananchi kuomba kumbukumbu za umma, hasa pale anapotaka kujua polisi wana vifaa gani vya kufuatilia watu, vimenunuliwa kwa fedha gani na vinatumika kwa idhini ya nani. Kwa miaka mingi nilikuwa mtumishi wa masijala. Nilipokea barua, nikafungua majalada, nikaandika namba za kumbukumbu, nikapeleka madokezo kutoka meza hii hadi meza ile. Baada ya kustaafu nilijiunga na wasaidizi wa kisheria. Kwa hiyo nitasema kama mtu wa majalada, na wale mnaojua undani wa mitambo mtaniongezea wakati wa maswali.

Neno langu kubwa leo ni hili: mashine inaweza kufichwa, lakini jalada lake ni gumu kufichika. Hebu tujiulize, kamera inafikaje kwenye nguzo? Kwanza kuna ofisa aliyeandika dokezo sabili, yaani maandishi mafupi ya ndani ya ofisi, akieleza haja ya kifaa hicho. Dokezo likapanda kwa mkuu wake, likarudi na maelekezo pembeni, saini na tarehe. Kifungu cha bajeti kikatajwa. Zabuni ikatangazwa, au mzabuni mmoja akaitwa peke yake, na hapo pana barua ya kueleza kwa nini wengine hawakuitwa. Mkataba ukasainiwa. Mzigo ulipofika bohari, mtunza bohari akauingiza kwenye leja. Mhasibu akaandaa hati ya malipo. Fundi akapelekwa mafunzoni, na karatasi za posho yake zikatunzwa kwa uangalifu kwa sababu mkaguzi atazitaka. Kila karatasi iliyoingia kwenye jalada ikapewa namba yake ya folio, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Mkikuta folio ya 13 inafuatwa na folio ya 15, hakuna haja ya mtu kuwaeleza kwamba kuna kitu kimetolewa. Pengo lenyewe linajieleza.

Ndugu zangu, nitawapa visa vya mbali kwanza, kwa sababu huko mbali jambo hili limefanyika kwa muda mrefu, na tunaweza kujifunza kutokana na njia walizopita.

Mwaka 2008 nchini Marekani alikamatwa mtu anayeitwa Daniel Rigmaiden. Sitaki kumpamba. Alishtakiwa kwa kudai marejesho ya kodi kwa majina ya watu wengine, wakiwemo marehemu, na mwishowe alikiri kosa. Lakini alikuwa na swali ambalo hakuna aliyetaka kumjibu. Alikuwa akiishi kwa jina la bandia, akilipa kwa fedha taslimu, na kitu pekee kilichomuunganisha na dunia kilikuwa modemu ya intaneti inayotumia mtandao wa simu. Wapelelezi walijuaje nyumba aliyokuwemo? Akiwa mahabusu alipewa maelfu ya kurasa za kesi yake, akazisoma ukurasa kwa ukurasa, mpaka akakutana na neno moja katika maandishi ya wapelelezi: StingRay. Akalishika neno hilo. Akalitafuta katika kumbukumbu za manunuzi za idara za polisi zilizokuwa zimekwisha kuwekwa hadharani, akagundua kwamba ni jina la mtambo uliotengenezwa na kampuni ya Harris ya huko Florida.

Mtambo huo unafanya nini? Unajifanya mnara wa simu. Simu zetu zina tabia ya kutafuta mnara wenye nguvu ulio karibu, na mtambo huu unazishawishi zijiunge nao, unasoma namba ya utambulisho ya kila laini, na kwa kuzunguka nao mtaani mpelelezi anaweza kukaribia kabisa mahali ilipo simu anayoitafuta. Hapo ndipo penye jambo la kututia wasiwasi sisi wengine wote, kwa sababu mnara wa bandia hauchagui. Ukiwashwa karibu na soko, unainasa simu ya mtuhumiwa mmoja pamoja na ya mama anayeuza samaki, ya mwalimu aliyesimama kununua maembe, ya mgonjwa anayesubiri bajaji ya kwenda hospitali ya Ligula. Hakuna hata mmoja wao anayetuhumiwa kwa lolote, na hakuna hata mmoja atakayejua.

Rigmaiden aliachiwa mwaka 2014 kwa makubaliano na waendesha mashtaka, baada ya kukaa ndani karibu miaka 6. Alichokiacha nyuma ni kikubwa kuliko kesi yake: baada ya kazi ile ya kusoma karatasi, mawakili na waandishi wa habari wa nchi nzima walijua jina la kitu cha kuuliza.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mtambo wa namna hii upo hapa kwetu. Sina karatasi inayonionyesha hivyo, na mtu wa majalada hasemi jambo ambalo hawezi kulitajia folio.

Mawakili na waandishi wale wa Marekani walipoanza kuuliza, walikutana na nini? Walikutana na mkataba wa kunyamaza. Nataka tukae kidogo hapa. Kabla idara ndogo ya polisi ya mji au wilaya haijauziwa mtambo huo, ilitakiwa isaini makubaliano na Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, kwamba haitaufichua kwa wananchi wala hata mahakamani. Katika wilaya ya Erie, jimbo la New York, chama cha kutetea haki za raia kiliomba kumbukumbu za mtambo kutoka ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kikanyimwa, kikaenda mahakamani, na mwaka 2015 jaji akaamuru nyaraka zitolewe. Zilipotoka, makubaliano yenyewe yalikuwemo. Yalisema kwamba FBI ikitaka, ofisi ya sherifu italazimika kuomba kesi ifutwe kuliko kueleza mtambo ulivyotumika. Tafakarini, ndugu zangu. Mwizi au muuaji aachiwe, ili mashine isijulikane. Je, huo ni ulinzi wa raia, au ni ulinzi wa mashine?

Na nyaraka hizohizo zilikuwa na jambo la pili. Sherifu alikuwa amewaambia wawakilishi wa wananchi kwamba matumizi ya mtambo yanasimamiwa na mahakama. Kumbukumbu zikaonyesha kwamba kati ya mwaka 2010 na 2014 mtambo ulitumika mara 47, na amri ya mahakama ilionekana kuombwa mara moja tu. Mara moja katika 47! Hakuna mwanaharakati aliyeyasema hayo kwa kupiga kelele. Yalisemwa na karatasi za ofisi yenyewe, kwa mwandiko wa ofisi yenyewe. Katika mji wa Baltimore, mwaka huohuo wa 2015, askari mpelelezi alikiri mahakamani kwamba idara yake ilikuwa imetumia mtambo wa aina hiyo mara zipatazo 4,300 tangu mwaka 2007.

Kisa cha Sarasota, Florida, ndicho kinachonigusa zaidi mimi kama mtu wa masijala. Mwaka 2014 chama cha Marekani cha kutetea haki za raia, ACLU, kiliomba kuona maombi ambayo askari mmoja wa huko alikuwa ameyapeleka mahakamani ili aruhusiwe kutumia mtambo. Polisi wa mji wakakubali, wakapanga miadi ya ACLU kuja kuzisoma karatasi hizo. Saa chache kabla ya miadi, maofisa wa serikali kuu kutoka idara ya wale wanaoitwa Marshals walifika, wakadai kwamba karatasi zile ni mali yao, wakazichukua na kuzipeleka mbali. Hebu mfikirie yule karani aliyeziandaa karatasi mezani kwa ajili ya mwananchi, akazikuta zimeondolewa. Lakini waliosahau kuchukua barua pepe walisahau kitu kikubwa, kwa kuwa barua pepe zilizotolewa baadaye zilionyesha polisi wakielekezana kwamba katika hati zao wasiutaje mtambo, waandike tu kwamba taarifa ilitoka kwa chanzo cha siri. Maana yake ni kwamba hakimu aliyesoma hati ile alidhani kuna binadamu aliyetoa habari. Kumbe ilikuwa mashine.

Nimelikazia hili kwa sababu baadhi yetu tunadhani kuwa kuomba taarifa ni kutaka kuwaudhi askari. Mwathirika wa kwanza wa usiri ule alikuwa hakimu. Mahakama haiwezi kupima jambo ambalo limefichwa nyuma ya maneno matatu, chanzo cha siri.

Sasa niwape kisa cha mtu mmoja mwenye subira. Freddy Martinez ni mkazi wa Chicago ambaye mwaka 2014 aliishtaki idara ya polisi ya mji wake ilipomnyima nyaraka za mitambo ya kunasa simu. Miaka 5 baadaye alikuwa akituma maombi kwa idara mbalimbali za polisi kuhusu teknolojia ya kutambua sura. Hakuwa akitafuta kampuni fulani. Aliomba nyaraka za aina fulani juu ya teknolojia fulani, kisha akangoja. Katika majibu ya polisi wa Atlanta kulikuwa na jina geni, Clearview AI, pamoja na waraka wa wakili wa kampuni hiyo uliowahakikishia polisi kwamba kuitumia ni halali. Nyaraka zikamfikia mwandishi wa gazeti la New York Times, na Januari 2020 dunia ikajulishwa kwamba kampuni ndogo isiyojulikana ilikuwa imekusanya kutoka mitandaoni picha zaidi ya bilioni 3 za watu bila kuwauliza, na kwamba polisi walikuwa wanaweza kupiga picha ya mtu yeyote na kupata jina lake. Picha ya harusi uliyoiweka mtandaoni, picha ya mtoto wako siku ya mahafali, zote ni chakula cha mashine hiyo. Na habari yote hiyo ilianzia kwenye kiambatisho cha barua ya majibu.

Kuhusu kamera zinazosoma namba za magari nitapita haraka. Huko Marekani taasisi mbili, Electronic Frontier Foundation na MuckRock, ziliomba takwimu kwa idara nyingi za polisi, na mwaka 2018 zikatangaza kwamba katika miaka 2 kamera hizo zilisoma namba za magari mara bilioni 2.5, na kwamba kwa wastani asilimia 99.5 ya namba zilizosomwa hazikuhusiana na tuhuma yoyote wakati zikisomwa. Takwimu hizo hazikufichua mbinu yoyote ya upelelezi wala hazikumsaidia mhalifu. Zimewawezesha wananchi kuuliza kwa nini safari za watu wema zihifadhiwe.

Mtu anaweza kusema, hayo ni ya Wazungu, sheria yao ya kupata taarifa ni ya tangu mwaka 1966. Basi tuje nyumbani Afrika. Afrika Kusini kuna mwandishi wa habari za uchunguzi, Sam Sole, ambaye alishuku kwamba simu yake inasikilizwa. Aliuliza, akajibiwa kwamba hakuna kosa lililotendeka, na sheria ya huko wakati ule ilikataza hata kumwambia mtu kwamba alisikilizwa. Mwaka 2015, katika kesi isiyomhusu yeye, zikaibuka karatasi mahakamani zenye mazungumzo yake ya simu na mwendesha mashtaka mmoja, neno kwa neno. Karatasi tena! Akaenda mahakamani na taasisi yake ya amaBhungane, na Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria ile ilikuwa inakiuka Katiba, na kwamba mtu aliyefuatiliwa lazima ajulishwe baada ya ufuatiliaji kwisha. Kabla ya hapo, mwaka 2017, wanaharakati wa nchi hiyo walitumia sheria yao ya kupata taarifa kuziuliza kampuni za simu ni namba ngapi ambazo kumbukumbu zake za mawasiliano hutakiwa na vyombo vya dola. Jibu lilikuwa zaidi ya namba 70,000 kwa mwaka, kupitia mlango wa kisheria ambao watu wengi hawakuwa wakiuangalia. Swali lilikuwa la hesabu tu. Hakuna jina la mtu lililoombwa.

Na sisi je?

Ndugu zangu, sisi tuna Katiba. Ibara ya 16 inamhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Ibara ya 18 inatupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na inayoitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Asiporidhika, anaomba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi, na akishindwa hapo anapanda kwa Waziri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake. Na kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inawekwa mbele ya Bunge, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Wangapi humu tumeisoma sehemu ya manunuzi? Sikusudii kumuaibisha mtu. Nasema kwamba mlango huo upo wazi na hauhitaji hata barua.

Tunajua pia kwamba maisha yetu yamekwisha kuingia kwenye mitambo. Kabla ya Januari 20, 2020 tulipanga foleni kusajili laini zetu kwa alama za vidole. Madereva wetu wanapigwa tochi za kupima mwendo barabarani. Kamera zinaongezeka kwenye benki, bandarini, kwenye makutano ya barabara. Baadhi ya vitu hivyo ninaviunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimezika vijana waliogongwa na magari yaliyokuwa yakikimbia. Na nikiwa mtu wa Mtwara siwezi kusahau Oktoba 2020, wakati wavamizi wenye silaha waliokuwa wakitokea Msumbiji walipoingia kijiji cha Kitaya na kuwaua ndugu zetu. Mpaka wa Ruvuma unahitaji macho. Anayelala Mikindani au Tandahimba kwa amani anawadai shukrani askari walioko kando ya mto ule.

Lakini jicho la kulinda mpaka na jicho la kumfuatilia mwenyekiti wa chama cha wakulima aliyehoji malipo ya korosho si jicho moja. Tutalitofautishaje moja na lingine ikiwa hatujui sheria gani inaliongoza, nani anaidhinisha litumike, na kilichoonekana kinahifadhiwa kwa muda gani? Hatuhitaji kujua doria inapita wapi usiku wa leo. Msiulize hilo kamwe; mtanyimwa, na ni haki mnyimwe. Sheria yetu inazuia taarifa zinazoweza kuhatarisha usalama wa taifa, na inalinda upelelezi unaoendelea. Ulizeni bei. Ulizeni mkataba. Ulizeni mwongozo wa matumizi, muda wa kuhifadhi picha, idadi ya mara kifaa kilipotumika na idadi ya vibali vya mahakama vilivyoombwa.

Mkoa huu unajua gharama ya karatasi iliyokosekana. Mwaka 2013 watu wetu waliingia barabarani kudai maelezo ya gesi, bomba na mkataba, na wapo humu ukumbini waliopoteza nyumba, waliopoteza ndugu. Wakati ule Sheria ya mwaka 2016 haikuwepo. Sidai kwamba barua ingezuia yote yaliyotokea. Nasema kwamba kijana wa leo anayo njia ambayo kijana wa mwaka ule hakuwa nayo, na itakuwa huzuni kubwa akiacha kuipita kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuandika barua.

Kwa hiyo tuzungumze barua. Kuna mzee mmoja wa wilaya ya Newala aliyekuja kwetu akiwa amekata tamaa. Alikuwa akidai haki ya shamba lake, na ofisi moja ilikuwa imemrudisha zaidi ya mara moja. Nilipoisoma barua yake nikaona kwamba aliomba "taarifa zote kuhusu ardhi ya kijiji". Mimi nimekaa masijala, naijua barua hiyo. Karani akiipokea anaangalia kabati lenye majalada mia, hajui aanzie wapi, anaiweka chini ya nyingine, na inakaa hapo. Tukakaa na mzee tukamuuliza, jambo hili liliamuliwa lini? Akasema, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, baada ya msimu wa korosho, siku ambayo mtendaji alikuja na mgeni kutoka wilayani. Tukatafuta tarehe. Barua mpya ikaomba kitu kimoja: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wa tarehe hiyo, pamoja na orodha ya mahudhurio. Akapewa. Ofisi ileile, kabati lilelile. Sahihi ya mtendaji ilikuwa chini ya ukurasa wa tatu, na jina la mgeni wa wilayani lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye mahudhurio.

Vivyo hivyo kwa vifaa vya ulinzi. Ukiandika "naomba kujua polisi wanatupelelezaje", umeandika malalamiko, na malalamiko hayana jalada. Andika: naomba nakala ya mkataba wa ununuzi na ufungaji wa kamera katika eneo fulani, uliosainiwa kati ya mwaka huu na mwaka ule. Andika: naomba nakala ya mwongozo unaoeleza muda wa kuhifadhi picha za kamera hizo na maofisa wanaoruhusiwa kuziona. Ongeza sentensi hii: iwapo sehemu ya waraka ina taarifa zinazozuiwa kisheria, naomba sehemu iliyobaki itolewe na sehemu iliyozuiwa ionyeshwe kwa kufutwa, pamoja na sababu zake. Sentensi hiyo moja humnyima ofisa njia rahisi ya kulifunga jalada zima kwa sababu ya aya mbili.

Na msiende mlango mmoja tu. Polisi wakikataa, kifaa kilipita kwa nani mwingine? Kama kamera imefungwa kwenye nguzo ya halmashauri, halmashauri ina barua ya kuruhusu. Kama ilijadiliwa kwenye Baraza la Madiwani, kuna muhtasari. Kama fedha zilitoka kwa wafadhili, kuna hati ya makabidhiano. Wale wa Marekani walijifunza kwamba idara moja ikificha, ya jirani iliyonunua kifaa hichohicho inaweza kutoa, na mara nyingi ofisi ya manunuzi ina nakala ya kile ambacho ofisi ya upelelezi inasema hakipo.

Barua ipelekwe kwa mkono, ikiwa na nakala mbili, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Mkulima wa Tandahimba haachi gunia la korosho ghalani bila stakabadhi. Kwa nini aache barua yake masijala bila mhuri? Siku 30 huhesabiwa kuanzia kwenye mhuri huo. Bila mhuri, utaambiwa barua haikufika, na hutakuwa na la kujibu. Mkikataliwa, ombeni mkataliwe kwa maandishi, na kifungu kilichotumika kitajwe. Barua ya kukataliwa ni hati. Mara nyingi inaonyesha kwamba waraka upo, kwa sababu si kawaida kuzuia kitu kisichokuwepo, na ndiyo mtakayoiambatisha mnapopanda ngazi ya juu. Ofisi ikinyamaza kabisa, ukimya nao muuandikie tarehe.

Kwa wenzangu waandishi wa redio nina ombi. Mkipata waraka, usomeni wote kabla ya kuusoma hewani. Sheria inamwadhibu anayepotosha taarifa aliyopewa, na hata kama isingekuwepo adhabu, mwananchi wa Liwale anayewasikiliza hana njia ya kuhakiki, anawaamini. Majina ya watu binafsi, namba za simu, sura za watoto, vyote vifunikwe. Tunaodai faragha yetu hatuwezi kuanza kwa kuvunja ya wengine.

Kwa vijana wa bodaboda, ninyi mnaokutana na askari kila siku, mnaweza kuogopa kwamba jina lako likiwa kwenye barua utakuwa umejichongea. Hofu hiyo naielewa na siidharau. Ndiyo maana tunashauri barua ziende kwa jina la kikundi, kupitia wasaidizi wa kisheria, zikiwa na lugha ya heshima, na nakala moja ibaki kwetu. Mtu mmoja mwenye swali anaweza kuonekana msumbufu. Watu 30 wenye swali lilelile, kwa utaratibu uleule, ni wananchi wanaotumia sheria ambayo Bunge lao liliipitisha.

Mezani pale kushoto kuna karatasi na kalamu. Baada ya chakula tutaandika barua ya kwanza pamoja, kwa halmashauri, tukiomba nakala ya barua au mkataba wowote unaoruhusu kufungwa kwa kamera za ulinzi kwenye nguzo za taa za barabarani hapa mjini, na mwongozo wa kuhifadhi picha zake kama upo. Kesho asubuhi wawili kati yetu wataipeleka masijala wakiwa na nakala ya kugongewa mhuri. Natafuta mwenye mwandiko unaosomeka. Nani anaanza?